Vipimo viko sawa, lakini ndevu na nywele za kifuani bado zinaota

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini nywele za kifuani na ndevu bado zinaota baada ya mwaka na ushei wa estradioli (homoni ya kike) na spironolaktoni (dawa ya kuzuia homoni za kiume), ilhali majibu yako ya maabara yanaonyesha testosteroni, yaani homoni kuu ya kiume, 38 na estradioli 140, na kama inafaa uongeze dozi. Mimi nami ni mwanamke niliyebadili jinsia kama wewe, na nimepitia hali hiyo hiyo nikiishi hapa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu usiongeze chochote.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, kwa wanawake kama sisi unataka testosteroni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na estradioli iwe kati ya pikogramu 100 na 200 kwa mililita. Hakikisha tu kwamba karatasi yako imetumia vipimo hivyo, maana maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita, ambako ile 50 husomeka 1.7. Mwongozo huohuo unaeleza kwamba nywele za mwili huanza kupungua kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na kwamba mabadiliko hayo huchukua zaidi ya miaka 3 kufika mwisho wake. Kwa hiyo wewe bado uko njiani.

Wakati wa kubalehe, testosteroni, ambayo sehemu yake hugeuzwa ndani ya ngozi kuwa dihidrotestosteroni yenye nguvu zaidi, huyafanya malaika laini kuwa nywele nene, nyeusi na zenye mizizi mirefu. Shina likishageuka hivyo, kuondoa homoni iliyoligeuza hakulirudishi lote lilikotoka. Hata wanawake waliozaliwa na ovari, ambao ndevu zao zilitokana na androjeni (homoni za kiume) kuzidi, hubaki na nywele nyingi za kidevuni baada ya dawa kuishusha homoni hiyo. Kwangu mimi tumbo na mapaja vilipungua taratibu, kifua kikafuata kwa kusuasua, na kidevu hakikujali kabisa.

Kwa ndevu, basi, tegemeo ni leza au elektrolisisi. Leza hulenga rangi nyeusi ya nywele, na kwa kuwa ngozi zetu nazo zina rangi hiyo, mashine isiyofaa huunguza na kuacha madoa. Inayofaa zaidi kwa ngozi nyeusi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake hupenya ndani zaidi bila kunyonywa sana na rangi ya juu ya ngozi. Uliza aina ya mashine kabla ya kulipa, na mhudumu asiyeweza kukutajia muage kwa heshima. Kabla ya miadi nyoa kwa wembe, lakini usinyonyoe wala kutumia nta, kwa kuwa leza huhitaji kuukuta mzizi. Nywele nyeupe haiziwezi. Hizo ni za elektrolisisi, ambayo huua shina moja moja kwa sindano ya umeme. Joto la hapa na nywele zetu za kujisokota huleta vipele baada ya kunyoa, na wengi hukimbilia mkorogo wa Kariakoo ili kufuta madoa yake. Tafadhali usifanye hivyo, hasa kwenye ngozi inayosubiri leza.

Kuhusu dozi, estrojeni ikizidi huongeza hatari ya damu kuganda, na haiing'oi ndevu. Hatari zaidi ni kujiongezea vidonge vya majira kutoka duka la dawa, kwani vingi vina ethinili-estradioli, inayogandisha damu kuliko estradioli unayotumia. Spironolaktoni nayo hupandisha potasiamu, hivyo daktari anapaswa kukupima potasiamu na figo, na wewe upunguze madafu, ambayo yana potasiamu nyingi (najua, kwa jua hili ni adhabu).

Utakapopima tena, acha siku chache kabla yake virutubisho vya nywele na kucha vyenye bayotini, kwa maana vinaweza kupotosha majibu ya homoni. Kama estradioli yako ni ya kidonge cha chini ya ulimi, mwambie daktari ulikitumia saa ngapi, kwa sababu damu iliyotolewa muda mfupi baadaye huonyesha kiwango cha juu kuliko unachokaa nacho siku nzima.