Kabla ya Kumpeleka Paka kwa Bingwa, Pima Maji Anayokunywa

Msomaji ameandika kwamba paka wake wa miaka 12 anashinda kwenye bakuli la maji, anakula vizuri ila anakonda. Amepewa rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama, naye anauliza abebe nini. Abebe namba.

Aanze na maji. Asubuhi mimina mililita 500 kwa jagi lenye alama, funika ndoo na kila chanzo kingine, kisha kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Weka bakuli la pili linalofanana na hilo mahali paka hafiki: kilichopungua humo kimekauka tu, kitoe kwenye hesabu. Rudia siku tatu, tafuta wastani wa siku moja, ugawanye kwa kilo za mnyama. Paka akizidi mililita 50 kwa kilo kwa siku, au mbwa akizidi 100, kuna jambo. Kwa paka wa kilo 4, basi, mpaka ni mililita 200. Anayekula chakula laini cha kopo hesabu yake ni nyingine, maana takriban robo tatu ya chakula hicho ni maji. Huyo hata akizidisha kidogo tu bakulini, mtilie shaka. Wakiwa wanyama wawili nyumbani, watenganishe, la sivyo unapima kiu ya nyumba nzima.

Na usimnyime maji ati apunguze kukojoa! Mnyama huyu anakunywa kwa sababu mkojo unamkausha. Ukiondoa bakuli, atakauka ndani ya muda mfupi.

Mkojo ndio kipimo ninachokitetea kuliko vyote, na ndicho watu wanachokidharau. Tone moja kwenye refraktomita, kifaa kidogo cha kupima uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji (maji matupu ni 1.000), humwonyesha daktari kama figo zinakoleza mkojo: paka mwenye figo nzima akihitaji kutunza maji hufikisha 1.035 au zaidi, mbwa 1.030. Ukisomeka kati ya 1.008 na 1.012 kila unapopimwa, maana yake figo hazikolezi wala hazizimui. Kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, huchelewa, hupanda wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Tena hutoka kwenye misuli, kwa hiyo paka aliyekonda anaweza kuonyesha kreatinini nzuri huku figo zinakufa. Jibu la damu lisilo na jibu la mkojo wa siku ileile ni nusu ya jibu.

Kuupata mkojo wa paka, osha trei yake ya choo, suuza sabuni yote, weka punje za plastiki zisizofyonza badala ya mchanga, kisha vuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ufike maabara ndani ya saa moja. Ukishindwa, uweke kwenye friji na uandike saa ulipoutoa. Huo hautoshi kuotesha bakteria, kwani umegusa trei. Kwa kazi hiyo bingwa huingiza sindano moja kwa moja kwenye kibofu akiongozwa na ultrasaundi, kwa hiyo kibofu kiwe na mkojo: mbwa asikojoe getini mkiwa mnaingia.

Kwa paka huyu nadhani watatafuta vitu vitatu: figo, kisukari na tezi ya thairoidi. Hofu peke yake hupandisha sukari ya paka, ndiyo maana daktari makini huomba kipimo cha damu cha fruktosamini, inayoonyesha sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita. Thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi husukuma damu nyingi kwenye figo na kuficha ugonjwa wake, hivyo figo zipimwe tena baada ya tiba kuanza. Kwa mbwa jike asiyefungwa kizazi, kiu ya ghafla wiki chache baada ya kipindi cha joto, yaani cha kutaka dume, ni dharura: huenda kizazi kimejaa usaha. Huyo asisubiri siku ya rufaa.

Dawa zote ziandikwe kwa jina, miligramu na saa ya mwisho. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kama prednisoloni huongeza kiu zenyewe, huvuruga vipimo vya homoni, na zikianza kabla ya biopsi, yaani kukata kipande cha nyama kikapimwe, zinaweza kuificha saratani ya limfu. Kwa hiyo usikubali "tumchome moja apate nafuu" kabla ya bingwa. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda asizikatishe ghafla. Parasetamoli kwa paka ni sumu, msibishane na hilo.

Ultrasaundi ya tumbo huhitaji saa 8 hadi 12 bila chakula, maji yabaki. Mnyama wa kisukari ni tofauti: piga simu kwanza uulize dozi ya asubuhi hiyo, maana dozi kamili ya insulini kwenye tumbo tupu inaweza kuua.

Akikutwa na kisukari, kagua bomba la sindano kabla ya kuondoka hospitali. Insulini ya yuniti 40 kwa mililita inataka bomba la 40, ya 100 inataka la 100. Ukivuta ile ya 100 hadi alama ya 2 kwenye bomba la 40, umempa yuniti 5. Akianza kuyumba au kutetemeka, mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kooni, na mrudishe hospitali mara moja.