Jibu: Kocha yuleyule, mbona matokeo tofauti?

Ndugu, umeuliza kwa nini wewe na mwenzako mna kocha mmoja na ratiba moja, ila yeye anasonga na wewe umekwama. Mtazame Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Akiwa kijana alimfuata mwenyewe Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona 1992, akaomba programu ya mazoezi. Akapewa ya wiki mbili. Akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Hakusukumwa na mtu! Alipokimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kocha alikuwa Sang yuleyule.

Mimi nilimficha kocha maumivu ya goti nikihofia kukaripiwa. Nilipomweleza, alinipunguzia mazoezi ya kukimbia vilimani na nikaanza kupona. Je, wako unamwambia ukweli?