Kumwandikia binti aliyeugua: wasifu, kaburi na kumbukumbu ya Desemba

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko, huku turubai likifungwa na simu zikiita. Ndiyo maana nyingi zinafanana: alizaliwa, alisoma, aliugua kwa muda mrefu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Binti aliyeishi miaka na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu zenye umbo la mundu) au saratani ya damu anastahili zaidi ya hapo.

Futa "alipambana kishujaa". Andika alichofanya. "Alimwomba nesi achome mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia alikuwa anaandikia" inatosha, na waombolezaji watajua wenyewe kwamba alikuwa jasiri. Mambo kama hayo hayako kwa wazee wa ukoo. Yako kwa dada aliyelala naye wodini, kwa mwalimu wa darasa, kwa mama. Waulize alikuwa anasema nini kabla ya sindano, na siku akipata nafuu alikuwa anataka nini. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani" utajibiwa mpole na mcheshi, hata kama alikuwa mkali kama pilipili kichaa.

Ugonjwa utajwe kwa jina, mradi wazazi wameridhia na mwenyewe hakuomba usiri. Ukimya huzaa maneno: karogwa, ni laana ya upande wa mama. Kwa selimundu, sentensi moja huokoa ndoa: mtoto huupata anaporithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenye vinasaba hivyo, hata kama wenyewe hawaumwi, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Ndugu zake waliobaki wapimwe. Gharama za matibabu na nani hakuchanga havina nafasi kwenye wasifu, hata kwa mafumbo.

Maneno 400 hadi 500 yanatosha. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, maana upepo wa kihambani, shamba la ukoo la Wachaga tunakozikia, haumsubiri msomaji ageuze ukurasa. Mpe nakala mtu wa pili asimame karibu: sauti hukatika kwenye aya ya ugonjwa, karibu kila mara, na si aibu kupokelewa. Majina na tarehe yalinganishwe na cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo.

Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na ikikuzwa hutoka na ukungu. Mwambie aliyenayo aitume kama dokumenti. Kwa ukubwa wa A4 unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508. Kama kuna picha ya kipindi cha dawa, kichwa hakina nywele lakini anacheka, iwekwe pia. Kuificha ni kufuta nusu ya maisha yake.

Kaburi lisiharakishwe. Udongo uliofukiwa hushuka, hasa masika ya Machi hadi Mei, na vigae vilivyowekwa mapema hupasuka katikati. Acha msalaba wa mbao na masale, mmea wa heshima wa Wachaga, hadi mvua zipite, kisha jenga kati ya Juni na Septemba. Msingi ukae nje ya kingo za shimo, kwenye ardhi isiyochimbwa; mafundi wengi huupandisha juu ya kifusi, halafu lawama anabebeshwa mwenye duka la saruji. Zege liwe la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene wa sentimita 10, lenye nondo, na limwagiwe maji kwa siku saba chini ya magunia. Maandishi ya jiwe yasainiwe na mzazi kwenye karatasi kabla fundi hajaanza kuchonga.

Desemba, ndugu wakishapanda kuja Uchagani kutoka Dar es Salaam, ndiyo wakati wa ibada ya kumbukumbu. Nia ya misa au tangazo la usharika vipelekwe ofisini mapema, maana mwisho wa mwaka ratiba hujaa. Kwa binti aliyeishi kwa kuongezewa damu, hatujaona kumbukumbu inayofaa kuliko ndugu zake kuchangia damu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi. Zungumzeni nao wiki kadhaa kabla, mkiwa na makadirio ya watu na chumba chenye kivuli. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50. Zoezi lifanyike asubuhi, baada ya chai nzito na kabla ya mbege, pombe yetu ya ndizi: wanaoanguka mara nyingi ni wale walioacha kula wakisubiri nyama. Wanaume wanaweza kurudia baada ya miezi mitatu, wanawake minne, kwa hiyo wanaume waliochangia Krismasi watakuwa tayari tena wakirudi nyumbani kwa Pasaka ikiangukia Aprili; wanawake wasubiri hadi mwisho wa Aprili.