Safari Rally ndani ya gemu: ununue ipi, na mbona unaishia kichakani

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kati ya WRC 9 na EA Sports WRC, gemu za mashindano ya dunia ya rally (WRC), uchukue ipi kwa ajili ya Safari Rally ya Kenya, na kwa nini kila ukifika kona ya tatu gari limelala kichakani.

Gemu ya kwanza ya mashindano haya niliyoigusa ni World Rally Championship ya 2001 kwenye PlayStation 2. Tulikuwa tunalipia kwa dakika kwenye kibanda cha gemu hapa Nakuru. Kenya ilikuwamo, na sisi watatu tuligombania Subaru huku wengine wakitaka tuwaachie wacheze mpira. Kisha baada ya Safari ya 2002, ile aliyoshinda Colin McRae, Kenya ikatoka kwenye kalenda ya dunia, na gemu ya 2003 ikaja bila Kenya. Niliumia sana. Gemu hizi hufuata kalenda: nchi ikiondolewa, barabara zako zinaondoka nayo.

Kwa hiyo WRC 9 nina deni nayo. Ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Kenya, na mwaka huohuo Safari iliyokuwa irudi ilifutwa kwa sababu ya Korona. Tukawa tunaendesha Safari sebuleni kabla magari yenyewe hayajafika Naivasha Juni 2021.

Kama una PS4, jibu limepatikana: WRC 9, maana EA Sports WRC ya 2023 haichezeki humo. Kama una PS5 au kompyuta yenye nguvu, chukua ya EA. Uzito wa gari unausikia hadi vidoleni, na kuna hatua, yaani vipande vya barabara vinavyopimwa muda, zinazopita kilomita 30. Hizo ndizo zitakufundisha subira.

Sasa hilo la kichaka. Nadhani unaendesha kwa macho. Macho hayatoshi, sikiliza navigeta, yule msaidizi anayekutajia kona zinazokuja kwa namba. Kwenye ya EA, 6 ni kona iliyo wazi, 1 ni ile inayobana sana. Akisema 2, anza kupunguza mwendo hata kama mbele unaona barabara imenyooka. Nenda kwenye mipangilio umfanye aseme mapema zaidi. Mimi nilikaa miezi bila kujua hilo linawezekana. Halafu funga breki magurudumu yakiwa yamenyooka, achia, ndipo ukate. Ukifunga breki huku unakata kwenye changarawe, gari linakwenda linakotaka.

Usizime uharibifu wa gari! Weka ule mkali kabisa. Safari bila uharibifu si Safari. Mwaka 2021 dereva Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma ikamshinda kwenye hatua ya Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Zilikuwa takriban kilomita 320 za mashindano, na jiwe moja linaweza kukunyang'anya zote. Ukiona mawe pembeni, usikate kona kwa ndani. Pita katikati upoteze sekunde mbili.

Kitu kimoja sijakihisi sawasawa kwenye gemu hizi. 2022 nilisimama kandokando ya hatua ya Soysambu. Asubuhi barabara ilikuwa laini, vumbi kama unga. Magari yaliporudi mzunguko wa pili, barabara ilikuwa imechimbika mitaro, mawe yamefukuliwa, na dereva alipita njia tofauti kabisa na ya asubuhi. Kwenye gemu, mimi naona kona niliyoijua jana kama ile ile leo.

Anza na gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu, lile dogo la daraja la Rally4. Maliza hatua moja ya Kenya mara tano mfululizo bila pancha, kisha weka muda wako hapa. Nami nitaweka wangu wa gari hilohilo.