Ukitumia maji ya ziwa kwenye mashine ya presha, weka tanki katikati

Vijana wengi wanaofungua sehemu za kuoshea magari na bodaboda huku Mwanza, hasa pande za Igombe, Nyegezi na Luchelele, wananiuliza jambo moja: maji si haya hapa chini, kwa nini mtu asitumbukize mpira ziwani, auunge kwenye mashine ya presha na kuanza kazi? Bili hakuna, na mgao wa maji haumhusu. Nawaelewa kabisa. Mimi mwenyewe naoshea maji ya Ziwa Victoria. Lakini kati ya mashine yangu na ziwa kuna tanki, na nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Tuanze na pampu. Pampu ya presha imeundwa kusukuma maji, si kuyavuta. Ndani yake kuna pistoni ndogo na valvu zinazotegemea maji yaje yenyewe, kama yanavyokuja kutoka bombani. Mashine ndogo nyingi zinamudu kuvuta kutoka kwenye ndoo iliyo jirani, kimo cha nusu mita hivi. Ukiipandisha juu ya mawe ya ufukweni kwetu, inahangaika. Mpira laini unajibana, kiungo kilicholegea kidogo tu kinaingiza hewa, na pampu inaanza kula hewa. Utaisikia kabla hujaona kitu: mngurumo unabadilika na kuwa wa kukwaruza, mpira unarukaruka mkononi, maji yanatoka kwa kukatikakatika. Zima hapo hapo. Maji ndiyo yanayozipoza sili, yaani vipira vya ndani vinavyozuia maji yasivuje, na zikikauka zinaungua. Ukishaona pampu inadondosha maji kwa chini, hiyo ni kazi ya fundi.

Kazi ya kuvuta iachie pampu ya kawaida ya petroli, ile ya wakulima wa bustani. Nayo isogeze karibu na maji uwezavyo, kwa sababu ziwa letu liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, hivyo pampu haiwezi kuvuta kimo kile kile ambacho ingevuta pwani, na injini ya petroli nayo inapungua nguvu kidogo.

Mdomo wa mpira usiulaze chini. Mchanga wa ziwa unakula valvu na kuziba nozeli. Usiuache juu kabisa pia, maana ziwa likitulia mwani wa kijani hupanda na kutanda kama rangi. Mimi nafunga mpira kwenye dumu tupu la lita 20 linaloelea, chujio linaning'inia nusu mita chini ya dumu, na nimelizungushia kipande cha chandarua kikuukuu. Nachagua mahali peupe, mbali na matete na magugu maji. Navuta asubuhi mapema, kabla upepo wa mchana haujaanza kutibua ufukwe.

Tanki liweke juu ya jukwaa la matofali ili maji yateremke kwa uzito wake. Tundu la kutolea maji litoboe kiganja kimoja juu ya sakafu ya tanki, tope libaki chini. Kabla ya kuunga mashine, pima: kinga ndoo ya lita 20 chini ya mpira. Mashine inayotumia lita 8 kwa dakika inahitaji ndoo hiyo ijae ndani ya dakika mbili na nusu, lakini mimi siridhiki mpaka ijae kwa dakika moja na nusu. Ikichelewa, ongeza unene wa mpira au pandisha tanki. Halafu weka chujio dogo pale maji yanapoingilia kwenye mashine, na kabla ya kuwasha bana bunduki ya kurushia maji uache maji yapite mpaka mapovu yaishe.

Sasa jambo ambalo naliona zito kuliko pampu: kichocho. Kanda hii ya ziwa tunaumwa sana kichocho, na muosha magari anashinda amelowa kuanzia asubuhi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, huogelea na kupenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Lakini visipompata mtu, vinakufa ndani ya saa 48 hivi. Ndiyo maana nashauri matanki mawili: moja linatumika, jingine limefunikwa na linapumzika siku mbili. Maji yanayopumzika hivyo yanatua tope, na hatari ya kichocho inapungua sana. Chujio liwe zima ili konokono wasiingie, kwani wakiwemo tankini siku mbili hazina maana. Anayeingia ziwani kurekebisha dumu avae mabuti marefu, na aepuke mchana wa jua kali, muda ambao vijidudu hivyo hutoka kwa wingi. Vijana wako wapeleke wapimwe. Dawa ipo, ni prazikwanteli.

Tanki pia linakuwezesha kukaa mbali na maji, na sheria inataka hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Kuosha magari kunaleta sabuni, oili na grisi. Jiji hili linavuta maji yake ya kunywa Capri Point, kwenye ziwa hili hili, kwa hiyo ninapoona Noah imeingizwa majini mpaka magurudumuni inaoshwa, naumia. Chimba shimo la kupokea maji machafu, na uweke mtego wa oili kabla yake. Kuhusu kibali cha kuchota maji, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kabla hujanunua mabomba.

Jioni, zima mashine, safisha machujio yote mawili, kisha ipitishie maji safi ya bomba kwa dakika chache mpaka yanayotoka yawe meupe. Mwani ukilala ndani ya pampu unakauka kwenye valvu, na kesho yake utashangaa presha imekwenda wapi.