Maswali yenu ya masta: darasani, dodoso na supavaiza asiyejibu

Wiki hii maswali yamejaa, mengi ya watu wa afya mnaosomea masta ya ualimu wa fani zenu. Nimechukua manne, mengine yasubiri zamu.

Mimi ni nesi, nafundisha chuoni mwaka wa tisa. Kweli nahitaji kukaa tena darasani nisomeshwe nadharia za kujifunza?

Unahitaji, na nilikua mbishi kama wewe. Mwanafunzi kapata 9 kati ya 10 kwenye karatasi ya kupima presha, mpeleke wodini sasa, anafunga ule mkanda juu ya mkono wa sweta alafu anaanza kupampu, mgonjwa anamwangalia tu. Ukishasoma piramidi ya Miller ya 1990, ngazi nne za umahiri kutoka chini kwenda juu (kujua, kujua namna, kuonyesha, kufanya), unaona kabisa mtihani wako ulipima ngazi ya chini wewe ukawa unadai ya juu. Hata mitihani ya vituo, OSCE, ile mwanafunzi anapita kituo kwa kituo akionyesha ujuzi mbele ya mtahini, ambayo Ronald Harden na wenzake waliileta 1975, inafika kwenye kuonyesha tu. Kufanya ni huko wodini ukiwa umeshaondoka.

Baada ya mafunzo ya simulesheni (mazoezi ya kuigiza hali halisi) wanafunzi walijaza dodoso, wastani ukatoka 4.6 kati ya 5. Supavaiza anasema haitoshi, anataka nini huyu?

Yuko sahihi, pole. Hiyo namba inasema walifurahi, basi. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, tangu 1959 alitaja hatua nne: wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya tofauti kazini, na mwisho wake umekua nini. Wewe uko ya kwanza. Sisemi uhamie ya nne, kwa masta utazeeka nayo, ila pima kabla na baada na ukiweza weka kundi la kulinganisha, maana hata kuuzoea mtihani tu kunapandisha maksi. Alafu dodoso lenyewe nimelisoma, swali la 7, "mwalimu alieleza vizuri na kwa muda wa kutosha?", hayo ni maswali mawili, sasa aliyeeleweshwa vizuri ila mbiombio anaweka tiki wapi?

Nataka kufanyia utafiti darasa langu mwenyewe. Kibali cha maadili cha nini wakati wanajaza fomu tu, hatoki mtu damu?

Hapa ntakaa kidogo. Shida siyo damu, shida ni kwamba anayegawa fomu ndo anayesahihisha mitihani. Niliwahi kugawa za kwangu mwisho wa kipindi, nikasema kwa upole kabisa kwamba ni hiari, dada mmoja akauliza "tuandike namba ya usajili?", nikajibu hapana, na bado wote walijaza, hamna hata mmoja aliyekataa, nikaona darasa langu lina ushirikiano kweli. Kamati ya maadili ikanirudishia ombi langu, na walikua na haki. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, lililoanza 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka mtu aliye chini yako aombwe ridhaa na mtu mwingine asiyehusika. Kwaiyo mtafute mwenzako asiyewafundisha, agawe yeye, akusanye yeye, wewe uone data maksi zikishatoka. Na kibali kitangulie, ukishakusanya ndo unaomba, kamati nyingi zitakukatalia.

Supavaiza hajibu, mwezi wa pili sasa. Nimemtumia propozo mara tatu.

Umemtumia kurasa 60 na "naomba maoni yako dokta", hata mimi ningeikwepa. Mtumie ukurasa mmoja: swali lako la utafiti, utapima kwa nani, na kitu kimoja kilichokukwama, mfano "mahojiano 12 kwa kundi hili yanatosha au niendelee mpaka yasitoke mapya?" Hilo anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni. Akinyamaza tena wiki mbili, nenda kwa mratibu wa masta ukiwa na tarehe za meseji zako zote.