Ushauri kwa wanaoanza kupima neva: shika mguu wa mgonjwa kabla ya kuwasha mashine

Mgonjwa aliyesubiri zamu yake kwenye benchi chini ya kiyoyozi huingia na miguu ya baridi, na baridi huharibu majibu kuliko mashine mbovu. Joto la ngozi likishuka nyuzijoto moja, kasi ya neva hupungua kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Neva ya mkono wenye afya husafirisha umeme kwa mita 50 hadi 60 kwa sekunde, kwa hiyo nyuzijoto tano tu zinatosha kumbambikia mtu asiyeumwa ugonjwa. Bandikeni kipimajoto kabla ya elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha na kunasa umeme: mkono usiwe chini ya 32, mguu usiwe chini ya 30. Ukiwa baridi, beseni la maji vuguvugu, taulo, halafu mvute subira, kwa sababu ngozi hupata joto mapema kuliko neva iliyo ndani. Mkiona wimbi la neva ya hisia kwenye skrini limechelewa lakini limepanda juu kuliko kawaida, shukuni baridi kwanza. Kisukari mara nyingi hulifupisha.

Mafuta ya kujipaka yafuteni kwa spiriti. Elektrodi ya ardhi ikae kati ya mnapopiga umeme na mnaporekodi. Hayo mtayazoea upesi.

Linalochelewa kueleweka ni hili: umeme wetu unapima nyuzi gani za neva? Chukueni neva ya sural, inayopita nyuma ya kifundo cha nje cha mguu. Tunaipiga umeme sentimita 14 juu ya pale tunaporekodi, na wimbi hufika chini ya milisekunde 4. Hilo ni wimbi la nyuzi nene, zinazobeba mguso na mtetemo. Nyuzi zinazobeba hisia ya joto ni nyembamba mno na hazina ala, ule utando wa mafuta unaoharakisha umeme. Mwendo wake ni kama mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wake ungehitaji milisekunde 140 hivi kumaliza umbali uleule, tena ungefika dhaifu na umetawanyika. Kwenye skrini yetu hauonekani kabisa.

Ndiyo maana mama mwenye kisukari anaweza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, nanyi mkapata mawimbi mazuri. Nimewasikia watu wakimwambia mgonjwa wa aina hiyo, "Huna kitu, mama." Msithubutu.

Kupima njia ya joto kwa umeme kunawezekana, ila kwa kifaa kingine: kinaipasha ngozi ghafla, kwa kasi ya nyuzijoto 70 kwa sekunde, na elektrodi utosini zinarekodi jibu la ubongo. Hapo mgonjwa asisinzie, maana usingizi hulipunguza wimbi. Pasipo kifaa hicho, tumieni mirija miwili ya maji, ya vuguvugu na ya baridi, mgonjwa akiwa amefumba macho. Kwa anayeshukiwa ukoma msiiruke kamwe hatua hiyo, kwani hisia ya joto huweza kupotea mapema kuliko ya mguso. Uzi wa nailoni wa gramu 10 ni mzuri kwa nyayo za wenye kisukari, lakini nao unapima mguso.

Kwenye ripoti msiandike "neva ziko sawa". Andikeni joto la ngozi mlilolikuta, kisha: "Nyuzi nene hazina kasoro; nyuzi nyembamba hazikupimwa." Daktari akiuliza maana yake, mwelezeni.